Mama Mkwe Amerudi na Bado Hanitaki

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana akili imefika ukingoni. Nilipandishwa ndege kutoka kijijini kwetu kwenda kusubiri uchungu kwenye mji wenye hospitali, nikakaa majuma na wageni, nikajifungua binti bila mkono wa ndugu hata mmoja, na niliporudi nikakuta watu wamejaa uwanja wa ndege wanashangilia, moyo ukaniruka, kumbe hawakunijia mimi, wamemjia Qaunaq, mama mkwe wangu aliyefariki, kwa kuwa mtoto amebeba jina lake, maana nikiwa na mimba bibi huyo alinijia ndotoni akaniomba maji, na kwetu marehemu akikuomba maji anataka mtoto apewe jina lake, na akipewa, ndiye yeye amerudi. Tangu hapo wazee wanambusu mtoto wakilia, wanamletea zawadi, mume wangu Putulik anamwita "mama" na kumwuliza kama ameamka salama, mimi haniulizi mtu, nami silali, machozi yananidondokea kwenye supu ya sili, na siku nyingine namtazama mtoto naona kama wa jirani. Mshauri, Qaunaq hakunipenda, viatu vya ngozi nilivyomshonea alivitia meno kukagua mshono, akasema, "Vinavuja hivi, mvalishe mbwa," na sasa nikimbeba kwenye koti la mgongoni analia, nikimpa ziwa anageuza uso, lakini wifi yangu Leetia akimchukua ananyamaza papo hapo, ila jana tu nilipokuwa namfunga nepi huku nanung'unika alinitazama akacheka. Leetia anakuja Jumapili na pikipiki ya theluji amchukue akamlee kwake moja kwa moja, anasema, "Wifi, mama amechoka na machozi yako, nipe mimi." Nimpe?

Mkwe Asiyetakiwa, Kinngait

Mkwe Asiyetakiwa, hilo jina lifute sasa hivi. Barua yako imeniinua kitini hapa studioni, fundi mitambo wa redio ananishangaa.

Pole sana, mwanangu. Kuzaa ugenini peke yako si mchezo. Lakini kulia kila siku, kukosa usingizi, kumwona mwanao kama wa jirani, huo ni ugonjwa unaowapata wazazi wengi, una tiba, wala haukutoka kaburini. Kesho asubuhi nenda kwa mkunga umweleze yote, hata hilo la jirani, na amtazame mtoto anavyonyonya. Kwa Leetia ananyamaza kwa sababu Leetia amelala usiku kucha na mwili wake umetulia.

Sasa nikugombeze. Kumpa ndugu mtoto amlee ni desturi yetu njema, mimi mwenyewe nililelewa hivyo. Ila mtoto hutolewa kwa moyo mweupe, hatolewi kwa kukimbia machozi. Jumapili Leetia aje, mkaribishe, apike, afue, ambebe mchana wewe ulale, kisha arudi kwake mikono mitupu. Nawe Putulik, najua redio iko wazi hapo: mama umemwuliza kaamka vipi, mwulize na mkeo.

Tena wewe binti, unaandika jambo kubwa halafu unalipita. Leetia ni mwanawe wa kumzaa na hakuombwa maji. Uliombwa wewe. Bibi yule nilimjua, alikuwa haombi kitu kwa mtu asiyemwamini, na kucheka alicheka kwa nadra. Jana kakuchekea wewe.

Ukipata nguvu, toa sindano umshonee viatu vingine, vidogo. Safari hii hana meno.