Ndoto Niliyomtungia Bibi

Tarehe 9 Juni

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako, na naahidi kukueleza yote hata pale ninapojiaibisha. Nyumbani kwetu kila asubuhi tukinywa chai tunasimuliana ndoto, Bibi huwa nazo mbili au tatu, Mama ambaye ni fundi cherehani huota magauni yasiyo na mikono, hata kaka yangu hakosi yake, ila mimi nikifumba macho nafumbua kumekucha. Kaka hunitania, "Wewe hulali, unazimwa kama taa." Jumatatu nilichoka kusikiliza tu, nikatunga, nikasema nimemwota Shangazi aliyehamia mbali anabisha mlangoni na sanduku jekundu. Bibi akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, asiyeota akiota, ameonyeshwa." Tangu hapo amefua mashuka ya wageni mara mbili, na leo amemwambia Mama kwamba Alhamisi ya wiki ijayo haendi hospitali kutolewa mtoto wa jicho, Shangazi asije akakuta mlango umefungwa, na nafasi hiyo ameingojea miezi saba. Kwetu tuna raha, mshauri, sitaki kuiharibu, lakini nikimwona anapapasa ukuta akitafuta swichi nakimbilia kumwashia taa na siwezi kumtazama. Kwa nini wenzangu wanakumbuka ndoto na mimi sikumbuki, na nimwambieje Bibi kabla ya siku hiyo?

Mshauri anajibu:

Binti yangu, barua yako nimeipandisha juu ya rundo kwa sababu ya hilo jicho. Huna kasoro. Unaota kama wengine. Usingizi wa Bibi ni mwepesi, anaamka mara kwa mara, na kila akiamka anaikamata ndoto ingali ya moto. Wewe unalala fofofo, kisha unaruka kitandani kuwahi shule, nayo inayeyuka. Ukiamka, tulia kidogo macho yamefungwa, ujiulize ulikuwa wapi. Isipokuja, sema "leo sina" unywe chai yako.

Lakini kumwacha mtu mzima akose kuona kwa sababu ya aibu yako, hapo nakukemea. Ukimaliza kusoma, nenda ukae karibu naye, useme, "Bibi, ile ndoto niliitunga, nilitaka na mimi niwe na la kusimulia." Atanuna, pengine siku nzima. Mwache anune. Akishapoa, mpigieni Shangazi simu, Bibi amuulize mwenyewe atakuja lini. Na Alhamisi omba ruhusa shuleni, wewe ndiye utakayemshika mkono kwenda hospitali na kumngoja mpaka atoke.