Pori Lisilo Hatarini

Likasi, 9 Machi 2025

Mdogo wangu Rolly,

Pokea salamu za dada yako mkubwa na za nyumba nzima. Mimi mzima, ni miguu tu inayovimba kwa kusimama mbele ya kiwanda nikiuza bukari, ugali wetu. Sephora mwanangu anauliza kama mjomba wake bado ana sura ileile. Na wewe, baridi ya Brussels imekiacha kifua chako?

Nakuandikia badala ya kutuma sauti kwa sababu Stanislas angesikia. Tangu kiwanda kimrudishe nyumbani kwa kukosa umeme, mume wangu huyo anazunguka uani kutwa nzima. Anataka pori alilotuachia mama kule Kapolowe tuwape wachoma makala, wageuze miti kuwa makaa ya kupikia. Jana kaniambia, “Berthe, ile miti tutakula majani yake?” Neno hilo linaniuma mpaka sasa.

Ulisema ofisi yenu inawalipa watu wasikate miti. Basi waje! Mama hakuruhusu shoka liingie pale, kwa ajili ya uyoga na viwavi, na kwa ajili ya ule mti mkubwa wa muputu uliotulisha viwavi kila msimu wa mvua. Nikiwa na kitu cha kumwonyesha Stanislas, atanyamaza. Fanya haraka, Rolly. Situlii.

Yaya yako,
Berthe


Brussels, 14 Machi 2025

Yaya Berthe,

Shikamoo, na pole kwa miguu. Kifua kimepona. Mwambie Sephora sura ni ileile, ila imeongezeka mashavu.

Kazi yetu ni hivi: kiwanda cha saruji cha huku hakiwezi kuacha kutoa moshi leo wala kesho. Basi kinalipa ili miti isichomwe na moshi mwingine uzuiwe mahali pengine, kwenu kwa mfano, ambako kuuzuia ni rahisi zaidi. Nimeongea na Gaston, mtu wetu wa Lubumbashi. Atapita Kapolowe mwezi ujao. Stanislas avumilie kidogo. Pori la mama haliguswi nikiwa hai.

Mdogo wako,
Rolly


Likasi, 27 Aprili 2025

Rolly,

Hujambo? Mimi mwili mzima, roho inachemka.

Gaston wako alikuja na viatu vyeupe. Akazunguka pori lote, akatazama picha zilizopigwa kutoka angani, akasifu mpaka nikaona haya. Halafu akasema, “Mama, pori yako iko muzuri sana. Njo shida yenyewe. Haiko mu danger.” Yaani haliko hatarini. Eti wanalipa moshi ambao ungetoka na sasa hautatoka. Mimi sijawahi kukata, na hakuna dalili kwamba nitakata, basi hakuna cha kuzuia.

Akavuka hadi kwa Kabamba, jirani, yule aliyechoma makala miaka kumi na tano iliyopita mpaka akabaki na visiki. Kabamba kaandikishwa! Kapewa miche na buti mpya, na anapita nazo mbele yangu akikanyaga kwa nguvu. Stanislas anacheka peke yake.

Nieleze, wewe uliyesoma. Nyaya za umeme zinapita juu ya paa langu kwenda migodini. Kobalti ya mgodi wa Kakanda inakuja huko kwenu kutengeneza betri za magari yasiyo na moshi. Mimi napikia mbabula, jiko la makala, kwa sababu nyumbani hakuna umeme, na moshi unaosemwa ni wangu. Nisipoutoa, pia sionekani. Nifanye nini ili nionekane?

Yaya yako,
Berthe


Brussels, 3 Mei 2025

Yaya,

Natumaini roho imepoa kidogo. Gaston hakukosea, ingawa ninaona haya kuliandika. Hata kati ya nchi na nchi ni vivyo hivyo: aliyechafua sana ana cha kupunguza, na mwenye cha kupunguza ndiye anayeitwa mezani. Asiyechafua hana cha kuuza. Kongo yetu inapigiwa makofi, halafu inaambiwa isubiri.

Ungewaacha wachoma makala wakate kidogo tu, leo ungekuwa na buti kama za Kabamba! Nakimbilia mkutano. Jumapili nitaandika vizuri.

Mdogo wako,
Rolly


Brussels, 18 Mei 2025

Yaya, hamjambo? Mbona kimya? Samahani kwa Jumapili ile, kazi ilinibana. Yale ya kukata yalikuwa utani. Nijibu hata kwa neno moja.

Rolly wako


Brussels, 8 Juni 2025

Yaya Berthe, mko wazima kweli? Simu yako haiiti, ya Stanislas haiiti. Nimeusoma upya mkataba wa miradi yetu. Pori lililokatwa karibuni haliingii kwenye mradi mpaka ipite miaka kumi. Kanuni hiyo iliwekwa ili watu wasikate makusudi. Kama kuna aliyeshika shoka, mzuie. Nakuomba.

Mdogo wako,
Rolly


Likasi, 22 Juni 2025

Mdogo wangu,

Hujambo? Sisi wazima. Transfoma ya mtaa iliungua, simu zote zikafa. Leo nimechaji mjini, na barua zako mbili zimeingia pamoja.

Ile ya buti za Kabamba nilikuwa nimeisoma mara nyingi. Sikuona utani. Niliona mdogo wangu mwenye ofisi ananionyesha njia. Nikamwambia Stanislas wakate upande wa barabara tu, kidogo, ionekane kutoka juu. Siku ile aliimba akinoa panga, na mimi nikafurahi kumsikia.

Wachoma makala hawajui kidogo. Gaston alipokuja kukagua miche ya Kabamba, nikampeleka akaone hatari niliyomtafutia; matanuri yalikuwa yanafuka mpaka kule mwisho, na muputu haupo. Gaston akapiga picha. “Aa, mama,” akasema, “ungeniita kwanza.” Ndipo akanieleza hiyo miaka kumi yenu.

Nakukasirikia, Rolly. Nikishakukasirikia nakukumbuka, kisha naanza upya. Stanislas haimbi tena. Anakula ameinamisha kichwa.

Makala yameshauzwa yote, ila gunia moja nimelificha chini ya kitanda. Ni la makala ya muputu wa mama, nililijaza mwenyewe. Desemba ukija, usilete zawadi. Nitawasha mbabula nikupikie bukari na viwavi wa kununua sokoni, nawe utakaa nami uani mpaka moto wa mama uzimike.

Yaya yako,
Berthe