Nyayo Ndani ya Waya

Bwera, Jumanne

Dada Kabugho,

Sisi wazima, na maharage yametoa maua. Ule mswada wa kuuza ardhi ya umma haujapita, lakini tajiri anayeitaka ameshaizungushia waya njia yetu ya mlimani. Mashimo ya nguzo nilichimba mimi. Nisamehe.

Kila asubuhi tunakuta nyayo mbichi ndani ya waya, zinapanda tu, hazishuki. Mlinzi Omara anaapa, "Hakuna mutu ameingia hapa." Leo nimekuta fimbo imeegemea nguzo, ile Baba aliyopandia mlima na watalii, ile tuliyomzika nayo. Ncha ina matope mabichi.

Nimeacha kazi. Siku utakaposimama mbele ya wabunge kuupinga mswada huo, wakikuuliza nani bado anaitumia njia hiyo, mtaje Baba.

Mdogo wako,
Jonan