Sura Niliyoitundika Barabarani

Jumapili, mvua tangu alfajiri.

Nimeipenda mvua ya leo kwa sababu isiyo nzuri: inawaweka watu ndani. Kanisani tulikuwa wachache. Vijana wa bodaboda wamejibanza chini ya mabati ya maduka, na wanawake wameanua dagaa wao kabla hawajakauka. Kutoka kibarazani kwa mjomba, siku nyingine unaliona ziwa na milima ya Kongo ng'ambo. Leo hakuna ziwa wala milima, kuna weupe tu.

Natamani ningekuwa mle ndani ya weupe.

Kabla sijaendelea, kwa mnaosoma ukurasa wangu huu wa mtandaoni: majina yote hapa nimeyabadilisha. Rafiki yangu nitamwita Zuhura, na mwenye saluni nitamwita Mama Sele. Saluni yenyewe semeni ipo Kasingirima, au Rusimbi, au popote mnapotaka. Wiki hii nimeshamwonyesha mtu barabarani bila ruhusa yake. Sitaki kurudia hapa.

Mjomba wangu ni fundi wa mabango, hapa hapa Gungu. Anaandika majina ya maduka, mashine za kusaga, vibao vya mitaa, na "Usikojoe hapa" kwenye kuta za watu waliochoka. Siku hizi wengi wanachapisha mabango ya plastiki, lakini jua la kwetu linakula rangi nyekundu kwanza, halafu zilizobaki, na baada ya muda bucha haijulikani kama ni bucha. Kwa hiyo kazi yake kubwa sasa ni kufufua mabango ya zamani ya bati. Anakwangua kutu, anapiga msasa, anarudisha rangi.

Herufi anaziweza kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sura hawezi. Watu wote anaowachora wanafanana na yeye, hata wanawake. Ndiyo maana tangu niingie kidato cha tatu, sura nachora mimi.

Bango la Mama Sele lililetwa wiki iliyopita. Mwanamke aliyekuwa amechorwa pale aliigwa zamani kutoka kwenye pakiti ya dawa ya nywele, na jua lilikuwa limemmaliza. Ilibaki midomo na hereni moja.

"Mrudishe huyu mama alivyokuwa," mjomba aliniambia. "Usimwongeze, usimpunguze. Mtu akileta kitu chake, anataka kitu chake."

Nilijaribu. Naandika hivyo halafu nasita, kwa sababu sina hakika kwamba nilijaribu. Nilianza na macho, na macho yakawa ya Zuhura.

Zuhura ni rafiki yangu tangu shule ya msingi. Nina aibu ya watu, sina marafiki wengi, nina vitabu na nina yeye. Mchana wa Jumamosi huwa nakwenda kwao, napita barazani, napita sebuleni, naingia moja kwa moja chumba cha ndani chenye pazia. Humo anavua ushungi. Mimi namsomea hadithi kwa sauti huku namsuka, kisha tunabadilishana, anasoma yeye na mimi nasukwa. Zangu ni fupi, uzi hauzishiki, tunacheka mpaka mama yake anagonga ukuta.

Hakuna mwanamume asiye wa nyumba ile aliyewahi kuona nywele za Zuhura. Mimi nimeziona miaka yote hii kwa sababu ni msichana, na kwa sababu waliniamini.

Mnaosoma mtataka nieleze zilikuwaje. Sitaeleza.

Nilizichora zote. Nilizichora vizuri kuliko kitu chochote nilichowahi kuchora, na nilijua ni zake. Hapo ndipo pananiuma. Ningeweza kusema mkono ulikwenda wenyewe, na watu wangenielewa, kwa sababu watu wanapenda kusikia hivyo kuhusu wachoraji. Lakini Zuhura ana kidoa cheusi juu ya nyusi ya kushoto. Sura ilikuwa imekamilika bila kile kidoa. Nilichovya brashi ndogo na nikakiweka.

Halafu nikaandika jina langu pembeni, kwa herufi ndogo. Sikuwahi kuandika jina langu kwenye bango kabla ya hapo.

Mjomba aliporudi alisimama mbele ya lile bango muda mrefu. Yeye anamfahamu Zuhura kwa ushungi na salamu tu, hakumtambua. "Nilikutuma umrudishe mtu," akasema, "wewe umezaa." Akacheka, na mimi nikacheka. Mama Sele alipokuja kulichukua alinikumbatia. Likapanda juu ya mlango wake Alhamisi, nikiwa shuleni.

Ijumaa tulipotoka shule nilimwambia Zuhura twende, kuna kitu nataka akione.

Nilifikiri ni zawadi. Naomba mniamini kwa hilo, ingawa sasa hivi mimi mwenyewe sijui kama najiamini.

Mkabala na saluni kuna kijiwe cha bodaboda. Vijana wake walituona kabla sisi hatujafika.

"Oya, si huyu hapa? Si ndiye?"

"Ndiye! Angalia kile kidoa!"

"Zuhura! Sasa leo umejifunika nini, sisi tushakuona!"

"Kumbe mtoto ana nywele, bwana!"

Zuhura akainua macho. Aliliangalia bango kwa muda mfupi sana. Halafu akashika ushungi wake chini ya kidevu, akaukaza kwa mkono, ingawa ulikuwa na pini na haukuwa unakwenda popote. Hakunitazama. Akageuka akaondoka kwa mwendo wake wa kawaida, hakukimbia, na wale vijana waliendelea kumwita mpaka alipokata kona.

Sikumfuata. Mmoja wao akanigeukia mimi, "Fundi, umeua! Na mimi nichoree basi."

Nikatabasamu.

Nimekuwa nikilifikiria lile tabasamu kuliko bango lenyewe. Bango nilichora kwa siku kadhaa, ungeweza kusema nilipotea njiani. Tabasamu lilikuja lenyewe, haraka, rafiki yangu akiwa bado hajafika mbali.

Jumamosi asubuhi nilikwenda saluni peke yangu. Mimi ni mtu ambaye nikiitwa ubaoni napoteza sauti. Nilizunguka nje nikijifanya nasoma bei za soda dukani, hadi kijana wa duka akaniuliza kama nimepotea. Ndipo nikasogeza pazia la saluni nikaingia.

Nyuma ya pazia kuna misumari ukutani, na kwenye misumari mitandio ya wateja imetundikwa. Mingi, ya kila rangi. Wenyewe wamekaa vichwa wazi, mmoja amesukwa nusu, mmoja ana povu la shampuu, wanapiga soga. Nimeingia mle mara nyingi na sikuwahi kuitazama ile misumari. Mitandio ilikuwa pale ndani, na mimi nilichokifanya kiko juu ya mlango ule ule, upande wa barabara.

"Fundi wangu!" Mama Sele akaita. "Njoo uwaone. Kila anayeingia hapa ananiambia nisuke kama yule wa nje."

"Shikamoo. Nimekuja kulishusha."

"Kushusha nini?"

"Bango."

"Halijakaa hata wiki! Limekosa nini?"

Nikasema kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia. Akaniambia nirudie.

"Ni Zuhura," nikasema. "Ni yeye kabisa. Nywele ni zake."

Mama Sele hakumjua kwa jina. Zuhura husukwa nyumbani. Ila yule mama aliyesukwa nusu alimjua. "Yule wa Mama Zuhura, muuza mawese? Binti anayevaa ushungi?" Nikaitikia kwa kichwa. Akanitazama kupitia kioo, hakugeuka. "We mtoto," akasema, "we mtoto umefanya nini?"

Nilitamani wanigombeze zaidi ya hapo. Hawakunigombeza. Mashine ya kukaushia nywele ikaendelea kuunguruma.

Mama Sele akaweka kitana chini. "Kiti kile pale. Panda ushushe mwenyewe." Nikapanda, na wale vijana wa kijiweni wakaniona, nikashusha. Nilipokuwa nataka kuondoka na bango kwapani, uso ukiangalia nje, akaniita, "Unakwenda wapi naye hivyo?" Akaingia ndani akatoka na kanga yake. "Mfunike mtoto wa watu."

Halafu akaongeza, na nadhani alitaka kunipunguzia, "Utakaponirudishia, nichoree kitana na mkasi. Basi. Sitaki mtu."

Nilitembea hadi Gungu nikiwa nimelibeba. Upepo wa ziwa ulikuwa unainua kanga, na kila mara nilisimama nikaikaza pale chini ya kidevu cha ile sura.

Mchana nikaenda kwa akina Zuhura. Nakiri kwamba nilikuwa nimeanza kujisikia nafuu. Nilikuwa nimesema mbele ya watu, nimeshusha, nimefunika. Njiani nilikuwa nikijiona kama mtu jasiri wa vitabuni, anayekwenda kusamehewa.

Mama Zuhura alinikuta barazani. "Shikamoo mama." "Marahaba, mwanangu. Hamjambo nyumbani?" Sauti yake ilikuwa ya upole. Nikavua ndala nipite ndani kama siku zote. Yeye akawa ameshatandika mkeka pale pale nje.

"Kaa hapo, mwanangu. Namwita."

Akaniletea chai kwenye kikombe cha wageni, chenye kisahani. Nyumba ile mimi nina kikombe changu cha plastiki, kimevunjika mkono, hakuna mwingine anayekitumia. Nilikaa na kile kisahani mapajani nikaogopa kukigusa.

Zuhura akatoka amefunga ushungi. Umebanwa pini pande zote mbili, kama wa shule, kama wa kwenda mbele za watu.

Watu wenyewe ni mimi.

Akakaa mwisho wa mkeka. Nikamwambia bango nimeshusha. Akasema amesikia. Nikamwambia kwamba nimefikiri njia, naweza kumchorea ushungi juu yake, mzuri, wa bluu, hakuna atakayejua chini kuna nini.

"Nimeshaonekana," akasema. "Utanifunika kwa brashi?"

"Angalau..."

"Sitaki kufunikwa pale. Nataka nisiwepo pale."

Kuku wa jirani akapita katikati yetu. Halafu akaniuliza jambo moja tu, "Wakati unachora, ulijua ni mimi?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, mlaini kabisa. Ningesema sikujua na angebaki na rafiki mjinga, ambaye ni nafuu. Nikaangalia kile kidoa chake juu ya nyusi.

"Nilijua."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa chenji yake na kukuta ndiyo hiyo hiyo aliyoitarajia. "Basi futa," akasema, akainuka, akaingia ndani. Nikasikia pazia la chumba cha ndani likivutwa. Naijua sauti ya zile pete za pazia.

Jana jioni nilipiga msasa, kisha nikapaka rangi nyeupe, mkono wa kwanza, yaani tabaka la kwanza. Nilianza na nywele. Kisha mdomo, kisha macho. Nitasema ukweli kwa kuwa ndiyo kazi ya ukurasa huu: mkono wangu haukusita kwenye uso wake. Ulisita kwenye jina langu. Nililiacha hadi mwisho, na nilipolifuta nilisikia uchungu ambao kwa uso wa rafiki yangu sikuwa nimeusikia. Sijui la kufanya na jambo hilo. Naliandika tu, lisije likajificha.

Leo baada ya ibada nilikwenda kuligeuza bango. Mjomba alikuwa ameliegemeza likiangalia ukuta. Unyevu wa mvua umeizuia rangi kukauka, na macho yamerudi. Yameinuka kutoka chini ya ule weupe, kijivu, mawili, na kidoa chao juu.

"Nyeusi ina tabia hiyo," mjomba akasema nyuma yangu. Hajanilaumu hata mara moja tangu nilipomweleza, na nafikiri ameona kwamba nafasi ya lawama imeshajaa. "Mkono wa pili ukikauka vizuri, hataonekana. Ukiharakisha atarudi tena."

Mama yangu amenipaka mawese mikononi rangi itoke. Imetoka kwenye vidole, kwenye kucha imebaki. Naandika haya kwa simu yake na skrini yote imekuwa na mafuta.

Zuhura ndiye aliyekuwa wa kwanza kusoma kila nilichoweka hapa. Zuhura, kama umefika hadi mstari huu, sikuombi urudi kwenye chumba cha ndani. Kile chumba ni chako.

Mvua ikikatika kesho, nitapiga mkono wa pili kabla ya shule, taratibu. Hilo naliweza. Halafu nitaingia darasani, nitakaa upande wangu wa dawati letu, na upande wa Zuhura nitauacha wazi. Akija, sitamtazama usoni mpaka anitazame yeye. Asipokuja, nitaangalia ubaoni kama wengine.