Siku Kumi na Moja za Sifuri

Shoga Bridget, nimelia mbele ya mkuu wa kitengo. Mbele ya Hatlestad! Natamani ardhi ipasuke inimeze.

Aliniita tukadirie mshahara wangu wa mwakani. Unajua mambo yetu: kila picha ya mgonjwa ninayoisoma ina pointi zake, pointi zinazidishwa kwa dola, basi. Mimi nikajua naenda kusifiwa. Mwaka mzima nimejifungia nyumbani nasoma eksirei kama mashine.

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Maren, hapa Oktoba una siku kumi na moja za sifuri. Zimeshusha makadirio yote. Ulikuwa Florida unaota jua?"

Unaota jua! Na akacheka kabisa.

Nikamwambia, "Nilikuwa namzika mama."

Kicheko kikamkatika. Halafu, "Mbona hukutuambia?"

"Niliandika kwenye fomu ya ruhusa. Hakuna aliyeniuliza kitu."

Hapo ndipo machozi yaliponitoka. Si kwa ajili ya hela, Bridget. Miaka sita pale, na kitu pekee kilichogundua kwamba sipo ni hesabu ya pointi.

Akaisukuma karatasi pembeni. "Mama aliitwa nani?"

Nikasema Astrid. Akarudia polepole, "Astrid." Tangu mazishi sijamsikia mtu akilitaja jina hilo.

Mshahara hatukuukadiria tena. Nimerudi nyumbani, picha arobaini zinanisubiri, sijafungua hata moja.

Ukitoka kazini nipigie. Usinipe pole, pole zimenitosha. Tumzungumzie mama tu.