Mume Wangu Anatetea Kitabu Nilichomsomea, Mimi Ananiacha Jikoni

Mama Lydie, nakusikiliza kila Jumanne kwenye redio, leo naomba wewe unisikilize mimi, maana nimekasirika sana. Mume wangu Stanislas ni assistant, mwalimu msaidizi, kwenye chuo kikuu hapa Lubumbashi, na thèse yake, yaani kitabu cha kutafutia udaktari, inaeleza jinsi wanawake wa Uingereza na Ufaransa walivyopata haki ya kupiga kura, na tangu macho yalipoanza kumsumbua, tarehe 3 Februari 2021, naiona hapa kwenye daftari langu la kila siku, mimi ndiye ninayemsomea vitabu vya maprofesa wa huko, vile vinene vyenye maandishi madogo chini ya kila ukurasa, ninamtolea muhtasari, yeye anaandika, na alipoandika kwamba wanawake wote wa Uingereza walianza kupiga kura mwaka 1918 ni mimi niliyemwambia hapana, ni wenye miaka thelathini na zaidi tu, tena si wote, wengine walingoja hadi 1928, akafuta bila kusema asante.

Jumamosi tarehe 14 Juni atakitetea kitabu hicho mbele ya jury, wale maprofesa watakaompima. Nilishona nguo mpya ya kikwembe, jana nikamwonyesha. Akacheka, akaniita kwa jina la mtoto wetu. “Mama Daniella, utaenda kule kufanya nini? Ile ni mambo ya bantu ba masomo. Nani atapika bukari ya ba jury?” Dada yake, Kiki, akaongeza: “Bibi ya docteur, anza kuzoea sufuria kubwa!”

Nataka siku hiyo niende kwa mama yangu na muhtasari wangu wote, wajipikie ugali wao wenyewe. Au ninyamaze, kwa kuwa nina diplôme d'État tu, cheti cha kumaliza sekondari?

Chisanga, Kasungami

Mama Lydie anajibu: Mama Chisanga, hasira yako ni ya haki. Mwanaume anajaza kurasa mia ngapi juu ya wanawake waliofungiwa mlango, halafu anafunga wa kwako! Aibu.

Lakini na wewe! Miaka minne umeandika kila kitu kwenye daftari, yeye ulimwambia lini kwamba inakuuma? Ulingoja aote?

Kwa mama yako usiende. Watasema una wivu, na utakosa siku uliyoifanyia kazi. Soutenance, huko kutetea kitabu, ni ya watu wote, hata muuza mikate anaingia na kuketi. Diplôme yako ilitosha kusoma vile vitabu, itatosha kukaa kwenye kiti.

Leo jioni mwambie, Kiki akiwepo: “Nilikusomea, nitakuja kusikiliza.” Mwambie akutaje kwenye shukrani, kwa mdomo, mbele ya watu. Bukari mwachie Kiki, maana sufuria kubwa anazijua vizuri. Muhtasari wako uweke kwenye sanduku lenye kufuli.

Jumamosi kaa mstari wa pili. Na profesa akimwuliza mwaka fulani, akakwama, akaanza kukutafuta kwa macho, wewe tulia tu, usimnong'oneze. Docteur ni yeye.