Jicho la Nyati

Baba Odile,

Maharage mekundu yako jikoni. Wali ~~pika mwenyewe~~ umo kwenye sufuria ndogo. Odile asiguse manyoya ya suti yako.

Asubuhi umenifokea mbele ya mtoto eti nimeshika suti yako ya kanivali, na kwamba chifu wa kundi la kanivali hujishonea suti mwenyewe. Kwani nimeshona? Nimefumua! Jana ulisinzia na sindano mkononi, yule nyati wa shanga wa kifuani mwa suti ukamshonea jicho puani. Ungetoka naye hivyo kesho, machifu wote wa New Orleans wangekucheka.

Shanga za jicho nilizofumua ziko kwenye kikombe. Jicho lishone mwenyewe. Sindano zote nimeshazitunga uzi, maana miwani hutaki kuvaa. Usinifokee tena: hata hiyo si kushona.

Mkeo,
Mama Odile